Kishimo cha Ugoro

Mwaka juzi kijana wa ndugu yangu, ambaye riziki yake ni bodaboda, aligongwa na gari dogo kwenye njia panda kabla ya jua kuchomoza, akarushwa juu ya usukani wa pikipiki yake kama gunia litupwalo kutoka chomboni, akaipokea lami kwa viganja vyake viwili na kisha kwa ubavu. Wasamaria waliomwokota walimfikisha katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa taksiri nitakayoisimulia imekwisha kutokea katika hospitali kubwa kuliko hiyo, katika nchi tajiri kuliko yetu, wala si insafu kuitwika moja mzigo ulio wa wote.

Pale alipokewa vizuri. Alilazwa juu ya kitanda chembamba, akaingizwa katika lile duara la mashine mfano wa mdomo wa pipa, akaambiwa avute pumzi aizuie, na katika muda usiotosha kupoza kikombe cha chai alikuwa amekwisha kupigwa skani ya CT ya mwili mzima. Bandama lilikutwa limechanika kidogo, na mbavu mbili zimevunjika. Matabibu walimlaza siku tano, damu ikatulia bila ya kisu, naye akarudi nyumbani na bahasha pana ya kaki ambayo ndani yake mlikuwa na karatasi isemayo kwamba mahali pengine pote hapakuonekana jeraha.

Siku ya pili baada ya kurudi, tulipokaa mkekani kwa chakula cha mchana, bibi yake alimtazama kwa kitambo bila ya kusema neno. Kijana alikuwa akila wali wa nazi, na kila alipolifinya tonge, wali ulimpukutikia siniani kabla haujafika mdomoni, kwa sababu kidole gumba cha mkono wa kuume kilikuwa kikikwepa kukaza.

"Mume wangu," bibi alimwambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "mbona tonge linakukimbia?"

"Maumivu ya kuanguka tu, bibi. Nimepigwa skani ya mwili mzima, hawakuona kitu."

"Huo mwili mzima wao," bibi akauliza, "mkono haumo?"

Sote tulicheka. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma na za kuwasumbua matabibu ninaowajua hata nikatambua kwamba katika chumba kile aliyeuliza la maana ni yeye peke yake. Maana kwa hakika mkono haukuwamo. Skani iitwayo ya mwili mzima, kwa ada ya hospitali nyingi za dunia, huanzia utosini, hupita shingo, kifua na tumbo, na kukoma kwenye nyonga au mwanzo wa mapaja. Magoti, miundi na nyayo hubaki nje, na mikono aghalabu huinuliwa juu ya kichwa ili isiharibu picha ya kifua na tumbo, au hulazwa ubavuni ikapitiwa nusunusu bila ya mtu kuikusudia. Jina ni pana kuliko kazi yenyewe, na jamaa wa mgonjwa, ambao hawajui mpaka wake uko wapi, hulisikia jina wakadhani wamepewa hati ya amani ya kiungo kwa kiungo.

Mashine yenyewe ni katika ajabu za zama zetu, na nasaba yake ina mzizi mmoja barani mwetu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akisomesha fizikia Cape Town, aliombwa mwaka 1956 asimamie kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, na huko ndiko alikoanza kujiuliza ni kwa hesabu gani mtu anaweza kuyajua yaliyomo ndani ya mwili kwa kuupitishia miale kutoka pande nyingi. Huko Uingereza, bila ya kuijua kazi ya Cormack, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ile ile iliyokuwa ikitoa santuri za Beatles, aliiunda mashine. Na tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mwanamke mmoja akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa kwa njia hiyo. Mwaka 1979 mabwana hao wawili waligawana tuzo ya Nobel. Siku hizo kichwa pekee kilikuwa kazi ya kusubiriwa; leo kiwiliwili kizima humalizika kwa sekunde chache.

Lakini tangu siku ya Hounsfield hata leo mashine hiyo hufanya jambo lile lile moja, nalo ni kupima jinsi kila chembe ya mwili inavyozuia miale, na kuipa chembe hiyo namba: maji ni sifuri, hewa ni elfu moja chini ya sifuri, mfupa ni mamia kadhaa juu yake, na damu iliyovuja punde hukaa mahali pake katikati. Kutokana na namba hizo hutungwa picha nyeusi na nyeupe tuzionazo. Kwa hiyo mfupa uliovunjika vipande na damu iliyojaa tumboni hujitangaza zenyewe, ilhali ligamenti ya shingo iliyokatika, neva iliyovutika, au gegedu la goti lililochanika huwa na namba inayokaribiana mno na ya kitu kizima kilicho jirani yake, na picha hupita kimya. Uti wa mgongo wa mtoto mdogo, ambao mifupa yake ni laini na huweza kujipinda ikarudi mahali pake, unaweza kuumia na pingili zote zikaonekana zimejipanga kama shanga. Majeraha ya namna hiyo hutafutwa kwa mashine nyingine iitwayo MRI, na kabla ya MRI hutafutwa kwa vidole na maswali.

Juu ya hayo kuna jambo la saa. Skani hupigwa mapema, wakati mwingine dakika chache tu baada ya mgonjwa kushushwa, na mwili haujamaliza kueleza lililousibu. Mfano ulio mashuhuri ni utumbo. Mtu aliyefunga mkanda wa gari, akagongwa kwa nguvu, huweza kubaki na alama ya mkanda kama mchirizi wa wekundu juu ya tumbo lake, na chini ya mchirizi huo utumbo ukawa umepondwa, au umetoboka tundu dogo ambalo bado halijatoa hewa wala uchafu wa kutosha kuonekana. Picha ya saa ya kwanza huwa shwari. Baada ya saa kadhaa tumbo hukaza, homa hupanda, moyo hukimbia, na hapo ndipo mambo hudhihirika, pengine kwa kuchelewa. Kongosho nayo ina tabia hiyo hiyo ya kuficha jeraha lake siku ya kwanza. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo ni chembamba na kimejipinda, na mpasuko wake huweza kupotea katika mikunjo. Na kichwani damu huweza kuanza kukusanyika baada ya picha ya kwanza kukwisha kusomwa.

Kuna hata mahali ambapo tiba yenyewe hulifunika jeraha. Majeruhi anayeshukiwa kuvunjika mifupa ya nyonga hufungwa mshipi mpana wa kuikaza, na mshipi huo umeokoa roho nyingi kwa kuzuia damu. Lakini mtu akipigwa skani akiwa amefungwa, mifupa iliyokuwa imeachana huwa imebanwa ikarudi pamoja, na msomaji wa picha huona nyonga nzuri. Nilipoelezwa hilo na daktari mmoja wa mifupa nilimwomba alirudie, maana nilidhani ananifanyia mzaha.

Kiasi cha yanayopitwa kimepata kupimwa. Katika uchunguzi uliofanywa Berlin na kuchapishwa mwaka 2012, wagonjwa 982 walioshukiwa kuumia vibaya walipigwa skani ya mwili mzima kwa mpito mmoja, kisha yaliyoonekana yakalinganishwa na yote yaliyokuja kujulikana baadaye. Skani iliposema jeraha lipo, karibu kila mara lilikuwapo. Kwa upande huo ilistahili kuaminiwa. Walakini, katika majeraha yaliyokuwapo kwa yakini, iliyaona asilimia 84.6 ya kichwa na shingo, 86.7 ya kifua, 85.7 ya tumbo, 86.2 ya nyonga, na 79.6 tu ya uso. Hizo ni sehemu ambazo mashine ilizipitia hasa, katika hospitali iliyo maalumu kwa majeruhi, mikononi mwa mabingwa. Vidole na nyayo hazikuwamo hata katika hesabu ya sehemu hizo.

Nimesema mikononi mwa mabingwa, na hapa sina budi kutua kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani picha hujisoma. Skani moja ya mwili mzima huzaa mamia ya picha, pengine zaidi ya elfu, na mtu wa kuzisoma huwa ameketi katika chumba cha giza, mara nyingi usiku, na simu ikimlilia kutoka chumba cha upasuaji. Waganga wa picha wanaijua ila moja ya jicho la binadamu: likikwisha kupata lile kubwa lililokuwa likilitafuta, hushiba, na hamu yake ya kutafuta la pili hupungua. Mwaka 2013 wachunguzi wa Marekani walichapisha jaribio ambalo halijanitoka kichwani tangu nilipolisoma. Waliwapa madaktari wa picha 24 skani za mapafu, wakawataka watafute vinundu, na ndani ya picha za mwisho wakatia sura ya gorila, ukubwa wake mara 48 ya kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Macho ya wengi wao, yalipofuatwa kwa chombo, yalikutwa yamepita juu yake kabisa. Yalimtazama, na akili haikumwona, kwa kuwa haikuwa imeagizwa gorila.

Msomaji asije akadhani ninawadhihaki. Bandama la kijana wetu ndilo lililokuwa likivuja, na aliyelisoma bandama hilo kwa haraka na kwa usahihi alimwokoa. Kama angeanzia kwenye kidole gumba, leo tungekuwa tunasoma hitima. Utaratibu wa kutazama kwanza liuwalo upesi haukuja bure. Februari 1976 tabibu wa mifupa wa Marekani aitwaye James Styner alikuwa akiirusha ndege yake ndogo, ikaanguka katika konde la Nebraska. Mkewe akafa papo hapo, na watoto wake wakaumia, naye akaona katika hospitali ndogo walikopelekwa jinsi kazi ya kuwatazama majeruhi ilivyokuwa haina mpango. Kutokana na msiba huo yeye na wenzake walitunga mafunzo yaliyoanza kutolewa mwaka 1978 na ambayo leo yameenea duniani: kwanza njia ya hewa, kisha pumzi, kisha damu, kisha fahamu, kisha mgonjwa avuliwe nguo atazamwe wote. Huo ndio ukaguzi wa kwanza. Wa pili hushuka kutoka kichwa mpaka ukucha. Tatizo ni kwamba wa pili mara nyingi hufanywa juu ya mtu aliyezimia, au aliyelewa, au aliyetiwa mpira kooni na dawa ya usingizi mshipani, au ambaye ubavu unamuuma hata hausikii mguu. Na mtu wa namna hiyo hujibu maswali kama ukuta.

Ndiyo maana pakazuka ukaguzi wa tatu. Katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, jopo la wapasuaji lililoongozwa na Enderson liliona kwamba daftari lao la majeruhi lilionyesha majeraha yaliyopitwa kwa wagonjwa 2 tu katika 100, wakaingiwa na shaka kwamba uchache huo ni uchache wa kuandika. Wakaweka sharti: kila majeruhi aliyelazwa arudiwe upya, mwili wote, kama kwamba ndiyo kwanza anaingia, na picha zake zote zisomwe tena. Waliyoyatangaza mwaka 1990, zama ambazo skani ya mwili mzima haijawa ada, ni kwamba katika wagonjwa 399 walipata 36 wenye majeraha 41 yaliyokuwa yamepitwa. Yaani si 2 tena katika 100, ni 9. Tangu hapo imekuwa kanuni katika hospitali zenye utaratibu kwamba ukaguzi wa tatu ufanywe ndani ya saa 24, na urudiwe mgonjwa anapozindukana au anapoanza kusimama, kwa kuwa nyayo husema kweli zinapokanyagwa.

Na yapatikanayo katika ukaguzi huo, hata leo, hata baada ya skani, yanafanana kila mahali: mfupa wa kiganja, kidole kilichoteguka, kifundo cha mguu, maungio ya katikati ya unyayo ambayo huitwa kwa jina la Lisfranc, mpasuaji Mfaransa wa zama za Napoléon. Fupaja likivunjika katikati, shingo yake karibu na nyonga huweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana, na macho yote yakawa juu ya ule mvunjiko mkubwa. Mengi ya hayo hayaui. Lakini fundi cherehani, sonara, mpiga kinanda, mvuvi anayevuta mshipi, na dereva wa bodaboda ambaye breki yake imo katika vidole vyake, wote riziki yao imo katika mifupa midogo, na jeraha ambalo daktari huliita dogo kwa kulinganisha na bandama ndilo litakaloamua kama mtu atarudi kazini au atakaa barazani akihesabu wapita njia.

Wapo waliodhani dawa ni skani zaidi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Ujerumani, waliopitia habari za majeruhi 4,621, walisema kwamba waliopigwa skani ya mwili mzima mapema walipona zaidi ya ilivyotazamiwa, na hamasa ikaenea. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine, wa hospitali nne za Uholanzi na moja ya Uswisi, uliowagawa wagonjwa kwa kura, nusu wapigwe skani ya mwili mzima mara moja, nusu wapigwe picha za kawaida na skani ya sehemu inayoshukiwa; katika wagonjwa 1,083 waliohesabiwa, waliofariki walikuwa 16 katika 100 upande huu na 16 katika 100 upande ule. Karibu nusu ya kundi la pili mwishowe walipigwa skani sehemu zote, moja moja, na kwa hiyo wataalamu wangali wakishindana juu ya maana ya hesabu hizo. Isitoshe, miale haipiti bure: skani kama hiyo huweza kumpa mtu kiasi cha millisivati 20, na kwa kawaida ardhi na anga humpa kama 2.4 kwa mwaka mzima. Kwa mzee aliyepondwa na lori hilo si la kufikiriwa. Kwa mtoto aliyeanguka mwembeni hufikiriwa.

Kwetu swali hilo lina sura nyingine. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, majeruhi wa pikipiki ni wageni wa kila siku, na katika mikoa mingi mashine ya CT iko mbali, au imeharibika, au inangoja jamaa wachangishane. Hapo daktari huchagua sehemu moja ya kupigwa, aghalabu kichwa, na sehemu zote nyingine huachiwa macho na mikono. Ukaguzi wa tatu hauhitaji umeme. Unahitaji mtu mwenye muda wa nusu saa, na huo muda, katika wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja, ni bidhaa adimu kuliko mionzi. Siandiki haya kama kwamba muuguzi wa zamu ya usiku hayajui.

Bali jamaa wa mgonjwa anaweza kusaidia kwa jambo ambalo hatukulizoea, nalo ni kuusema uchungu mpya bila ya haya. Lugha yetu yenyewe imetupa tahadhari: karatasi ya kijana wetu ilisema hapakuonekana jeraha, na sisi nyumbani tukasoma hapana jeraha. Tumbo linalozidi kukaza siku ya pili, shingo inayopeleka ganzi mkononi, mguu usiokanyagika, mkono usioshika, mtoto anayekataa kutembea, hayo yarudishwe hospitali hata kama bahasha ya kaki imo kwapani, na yasemwe kwa ufasaha, wala asiridhike mtu kwa kuambiwa kwamba skani ilikwisha kupigwa.

Bibi hakuridhika. Jumatatu alijitwisha safari, akapanda daladala na mjukuu wake na mimi nyuma yao, na baada ya foleni ya asubuhi nzima tukaingia kwa daktari kijana ambaye hakuifungua bahasha kwanza. Alimwambia mgonjwa aweke mkono mezani, kidole gumba juu, kisha akinyooshe kama anayeomba lifti. Kidole gumba kikinyooshwa hivyo, kano mbili huinuka kwenye kifundo cha mkono na kati yao hufanyika kishimo kidogo. Na chini kabisa ya kishimo hicho umejificha mfupa wenye umbo la mashua, ambao huvunjika mtu aangukapo kwa kiganja, na ambao picha ya kwanza mara nyingi haiuonyeshi ufa wake. Daktari alibonyeza hapo kwa ncha ya kidole. Kijana, aliyevumilia mbavu mbili bila ya kulia, aliruka kitini.

Eksirei ya siku hiyo haikuonyesha kitu. Daktari alimfunga plasta hata hivyo, ile ambayo vijana huiita hogo, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Na aliporudi ufa ulionekana, mwembamba kama unywele, ukikata mashua katikati. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, wakati plasta ingali mbichi, nilimuuliza daktari kishimo kile kinaitwaje, akasema kwamba katika vitabu vya Ulaya kimepewa jina la kikopo cha ugoro, kwa kuwa wazee wao walikuwa wakiutia humo kabla ya kuunusa. Bibi, aliyekuwa kimya tangu tuingie, alifungua fundo katika pindo la kanga yake, akatoa kikopo chake cha bati, akanyoosha kidole gumba, akatia kidogo katika kile kishimo cha mkono wake, akanusa upande mmoja, na upande wa pili, akajifuta, akamwonyesha daktari.

"Hiki?"